Baba ana saratani ya ini: seli za kinga badala ya matibabu, au pamoja nayo?

"Asalaam aleikum daktari. Baba yangu ana miaka 61, ni fundi wa majahazi Matondoni, Lamu. Mwezi uliopita skani ya CT ilionyesha vivimbe viwili kwenye ini, kimoja sentimita 6 upande wa kulia na kingine sentimita 2 upande wa kushoto. Damu imeonyesha ana homa ya ini B, na ini limeshaanza makovu, lakini daktari alisema bado linafanya kazi vizuri, akaandika 'Child-Pugh A'. Hana maji tumboni wala manjano. Tumepangiwa kwenda Nairobi azibwe mshipa unaolisha uvimbe. Sasa ami yangu aliye ng'ambo ametuletea habari za kituo kimoja nje ya nchi kinachotoa damu ya mgonjwa, kinazalisha seli zake za kinga kwa wingi, kisha kinamrudishia. Wanasema haina sumu kama kemo, ni siku kumi tu mtu anarudi kwake. Wametuambia tusikubali kuzibwa mshipa kwanza kwa sababu kutaua kinga yake. Tuna kiwanja Mokowe na tuko tayari kukiuza. Je, tuache la Nairobi twende huko, au yote mawili yanaweza kwenda pamoja? Pia jirani anampa dawa ya mizizi ya kuchemsha, na anakunywa kombe. Naomba jibu mapema."

Wa aleikum salaam, mwanangu. Umeomba jibu la mapema, basi nianze na lenyewe: msiache la Nairobi, na kiwanja kisiuzwe kwanza. Si kwamba hayo ya seli ni uongo mtupu. Yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanavuta watu. Ila ukweli wenyewe unahusu mgonjwa mwingine, si baba yako kama alivyo leo.

Hofu yako naielewa hivi: baba bado ana nguvu, anakula, pengine jana alikuwa ameshika tezo mkononi, na nyinyi mnaogopa kumpeleka kwenye matibabu yatakayomlaza wakati kuna njia inayosemekana kuwa ya upole. Kwa hiyo sitakujibu "ndiyo" na "hapana" tu. Nataka ujue kinachofanyika ndani ya ini, ili hata akija mtu mwingine kesho na habari nyingine uwe na cha kumpimia.

Ini ni bandari. Karibu kila kinachofyonzwa matumboni, chakula, dawa, vijidudu vilivyokufa na vilivyo hai, hupita hapo kwanza kabla ya kuingia mwilini. Askari wa kinga wanaolinda bandari hiyo wamezoea kuona mizigo migeni usiku na mchana, na kama wangefyatua risasi kwa kila kigeni ini lingeteketea. Basi wamefundishwa uvumilivu. Uvumilivu huohuo ndio saratani inaojifichia. Uvimbe wa ini hukua katikati ya askari wengi tu, lakini wamepumbazwa: wengine uvimbe umewawekea breki, wengine wamechoka kwa sababu virusi vya homa ya ini B vimewashughulisha kwa miaka mingi.

Hapo wataalamu wakapata mawazo mawili tofauti, na naona ami yako, au waliompa habari, wameyachanganya. La kwanza ni kuwatoa askari nje. Unachukua damu ya mgonjwa, unatenga seli nyeupe, unaziweka maabara pamoja na vichocheo vya kinga: intaferoni gama, kingamwili ya kuziamsha na interleukini-2, unazilea kwa wiki mbili hadi tatu mpaka ziwe mamilioni kwa mamilioni, kisha unamrudishia mwenyewe kwa dripu. Aina maarufu ya seli hizo huitwa CIK, zilielezwa mara ya kwanza mwaka 1991. Sifa yake ni kwamba hazisubiri kuonyeshwa kitambulisho cha adui kama seli nyingine za T, zinaweza kuishambulia seli ya saratani kwa kuiona tu imekaa vibaya.

Wazo la pili halitoi kitu nje. Ni dawa ya sindano inayoondoa zile breki ili askari waliomo waamke. Hizi ndizo kingamwili kama atezolizumabu na durvalumabu, na ndizo zilizobadilisha matibabu ya saratani ya ini iliyosambaa. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 501 ambao ugonjwa wao haukuweza kukatwa. Waliopewa atezolizumabu na bevasizumabu (dawa ya kuzuia uvimbe kuota mishipa mipya ya damu) waliishi muda mrefu kuliko waliomeza vidonge vya sorafenibu, na walipofuatiliwa zaidi muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliupita, ukawa miezi 19.2 dhidi ya 13.4. Mtu akikwambia "tiba ya kinga imethibitishwa kwa saratani ya ini", mara nyingi ushahidi anaoutaja ni wa sindano hizi. Kisha anakuuzia seli.

Na seli nazo? Ushahidi wake bora kabisa unatoka Japani na Korea Kusini. Tokyo, mwaka 2000, walichapisha matokeo ya wagonjwa 150 waliokatwa uvimbe. Nusu waliongezewa seli zao zilizolelewa maabara, na kwao uvimbe ulirudi kwa asilimia 59, huku kwa wasiopewa ukirudi kwa asilimia 77. Korea, mwaka 2015, wakaja na jaribio kubwa zaidi, wagonjwa 230. Waliopewa seli za CIK walikaa muda wa kati wa miezi 44 bila ugonjwa kurudi, wenzao miezi 30. Hayo si matokeo ya kudharau. Mimi nayaheshimu.

Lakini tazama ni akina nani hao. Wote uvimbe wao ulikuwa umeshaondolewa, ama kwa kisu, ama kwa kuchomwa kwa sindano ya joto au ya spiriti. Hawakubaki na uvimbe wa kuonekana. Kazi ya seli ilikuwa kusaka mabaki yasiyoonekana kwenye skani.

Baba yako hili atalielewa haraka kuliko wewe. Mwambie hivi: jahazi likitobolewa ubao na wadudu wa baharini, fundi hachukui pamba na mafuta akaanza kukalafati juu ya ubao uliooza. Anaung'oa ubao, anatia mpya, ndipo anakalafati maungio yasivuje. Seli za CIK, kwa ushahidi tulio nao, ni kalafati. Uvimbe wa sentimita 6 ni ubao ulioliwa. Hakuna utafiti wa kuaminika unaoonyesha kwamba seli hizo peke yake zinaumaliza uvimbe wa ukubwa huo.

Sasa rudi kwenye zile "siku kumi". Nimekwambia kuzilea seli huchukua wiki mbili hadi tatu. Na wale wagonjwa wa Korea hawakupewa mara moja, walipewa mara 16 katika muda wa wiki 60. Kituo kinachochukua damu na kumaliza kila kitu kwa siku kumi hakifanyi kilichofanywa Korea, hata kama kwenye karatasi zao wameyaandika matokeo ya Korea kwa herufi kubwa. Waulize waziwazi: dozi ngapi, kila baada ya muda gani, na nani anazikagua seli hizo kwa vijidudu kabla hazijaingia mshipani? Nimewahi kuwaona wagonjwa wawili waliorudi kutoka safari za namna hii. Mmoja hakuwa amedhurika, ila miezi minne ilikuwa imepita na uvimbe uliokuwa unazibika ulishaingia kwenye mshipa mkubwa wa ini. Hatukuweza tena kuuziba.

Jambo hili lina historia. China tiba hii ilikuwa imeenea sana hospitalini kama huduma ya kulipia. Mwaka 2016 alifariki mwanafunzi mmoja mwenye saratani nyingine, ambaye familia yake ilikuwa imemaliza akiba juu ya tiba ya seli, na kelele zikawa kubwa mpaka serikali ikasimamisha kuiuza, ikaacha utafiti tu. Mpaka leo miongozo mikuu ya Ulaya na Marekani haijaiweka tiba ya CIK kuwa matibabu ya kawaida ya saratani ya ini.

Tuje kwenye kuzibwa mshipa, maana naona kumesemwa vibaya. Ini lina njia mbili za damu. Sehemu yake iliyo nzima hupata kama robo tatu ya damu kutoka mshipa mkubwa unaotoka matumboni, lakini uvimbe hunyonya karibu damu yake yote kutoka ateri ya ini. Basi daktari wa mionzi anaingiza kijibomba chembamba kinenani au kwenye kifundo cha mkono, anakisukuma huku akikitazama kwenye skrini mpaka kwenye tawi linalolisha uvimbe, anamimina dawa ya kemo hapohapo, kisha analiziba. Uvimbe unapata dawa kali na unanyimwa chakula kwa wakati mmoja, na ini lililobaki linaendelea kula kwa mlango mwingine. Kemo inayozunguka mwili mzima ni kidogo, kwa hiyo ile picha ya mtu kunyonyoka nywele zote na kinga kuporomoka si picha ya matibabu haya.

Atapata homa, maumivu ya ubavu wa kulia na kichefuchefu kwa siku kadhaa. Mara nyingi huo ni mwili ukiitikia kuzibwa huko, na wengi hupoa ndani ya wiki. Nakwambia mapema kwa sababu hapo ndipo jirani husema "si tuliwaambia?" na familia ikakataa duru ya pili.

Na la "kuua kinga", mambo yalivyo ni karibu kinyume chake. Uvimbe unapokufa ghafla humwaga vipande vyake kwenye damu, na askari waliokuwa wamelala wanapata kuona sura ya adui. Hii ndiyo hoja ya kisayansi ya kuunganisha matibabu: piga uvimbe kwanza, kisha waamshe askari wakati harufu ya vita bado ipo. Upande wa pili, uvimbe uliozibwa hukosa hewa na huanza kuita mishipa mipya ya damu, na viashiria vinavyoita mishipa hiyo huzidi kuwapumbaza askari. Bevasizumabu hukata wito huo. Kwa sababu hizo mbili wakajaribu kuziba mshipa pamoja na durvalumabu na bevasizumabu, na ugonjwa ulikaa muda wa kati wa miezi 15 bila kusonga mbele, dhidi ya 8.2 kwa waliozibwa tu. Ni habari njema, lakini kuchelewesha ugonjwa si lazima iwe sawa na kurefusha maisha, na hilo la pili matokeo hayo hayakulithibitisha.

Kuziba mshipa pamoja na seli za CIK nako kumejaribiwa, hasa China. Matokeo mengi yanaelekea upande mzuri, lakini tafiti nyingi ni ndogo, na nyingine zilitazama mafaili ya nyuma, ambapo mgonjwa mwenye nguvu na fedha ndiye aliyepata seli. Ukilinganisha mwenye nguvu na dhaifu, hujui kilichosaidia ni seli au nguvu yake. Kwa hiyo swali lako la "pamoja" jibu lake ni kwamba inawezekana, haionekani kuwa na madhara makubwa, mara nyingi ni homa na kutetemeka kwa siku moja mbili, lakini faida yake kwa mtu mwenye vivimbe kama vya baba yako haijathibitika kiasi cha mimi kukwambia uza kiwanja. Kama ni jaribio la kitabibu la kweli lililosajiliwa, kwa kawaida mgonjwa halipishwi dawa inayojaribiwa. Wakitaka mlipie zote, hilo ni duka.

Ningekuwa mimi ndiye mtoto wa mzee, ningefanya hivi. Ningeanza na virusi. Hujaniandikia kama ameanzishiwa tenofoviri au entekaviri, na hili linanitia wasiwasi kuliko hiyo habari ya seli. Homa ya ini B isipodhibitiwa inaendelea kulichoma ini, na kemo au sindano za kinga zinaweza kuiwasha upya kwa ukali. Vidonge hivyo ni vya kila siku, vinapatikana nchini, na havihitaji kiwanja. Uliza kesho.

Ningeuliza pia, kabla ya safari, kama kesi yake imeshatazamwa na jopo: mpasuaji, daktari wa saratani na wa mionzi wakiwa meza moja. Vivimbe viwili vilivyokaa pande mbili si rahisi kukata, lakini si kazi yangu wala yako kuamua hilo kwa kusoma sentimita. Uvimbe mkubwa ukinywea baada ya kuzibwa, pengine kile kidogo cha sentimita 2 kitachomwa kwa sindano ya joto, na hapo ndipo hata hadithi ya seli ingeanza kuwa na mahali. Kupandikizwa ini kukianza kutajwa, semeni mapema kama amewahi kupewa sindano za kinga, maana askari walioamshwa wanaweza kulikataa ini jipya.

Ugonjwa ukikataa kutulia baada ya duru mbili za kuzibwa, msing'ang'anie ya tatu. Huo ndio wakati wa kuuliza habari za atezolizumabu na bevasizumabu, ini likiwa bado kwenye daraja A, ile 'Child-Pugh A' aliyoandika daktari. Kabla yake atapitishwa kamera kooni, kwa kuwa mwenye makovu ya ini huwa na mishipa iliyovimba kwenye umio na bevasizumabu huongeza hatari ya kuvuja damu. Sindano hizi ni ghali. Ulizeni SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia nini na kimebaki kiasi gani kwa mwaka huu kabla hamjagusa hati ya kiwanja. Na askari walioamshwa wanaweza kuvamia mapafu, utumbo, tezi ya shingo au ini lenyewe, hata wiki nyingi baada ya sindano. Akipata kikohozi kipya au kuharisha akiwa Lamu, msimnunulie dawa dukani. Pigeni simu hospitali iliyomchoma.

Kombe silipingi. Ni maji, zafarani na maneno ya Mungu, na mzee anapata utulivu. Mizizi ya kuchemsha naipinga kabisa, na si kwa dharau ya waganga wetu. Kila mizizi inayonywewa hupita kwenye bandari ileile niliyokueleza, na hili ini halina tena askari wala wachukuzi wa akiba. Nimeona ini la daraja A likiteremka mpaka C, daraja la ini lililoshindwa kazi, kwa mwezi mmoja wa dawa isiyojulikana, na mgonjwa wa daraja C hakuna atakayekubali kumziba mshipa. Vivyo hivyo dawa za maumivu kama diklofenaki zinaharibu figo na kuvujisha damu. Akiumwa, Panadol inatosha, isizidi vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku, na mwambie daktari.

Kuna mambo ya kutongoja asubuhi. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akianza kuchanganyikiwa au kulala mchana kutwa asiamke vizuri, tumbo likivimba ghafla na kuuma pamoja na homa, mpelekeni hospitali ya King Fahd usiku huohuo, kwa punda, pikipiki au mashua, chochote kilicho karibu. Baada ya kuzibwa, homa inayozidi wiki moja au inayopanda badala ya kushuka nayo ni ya hospitali.

Nyinyi wa nyumbani nendeni mpimwe homa ya ini B, wewe, mama, ndugu zako na wajukuu. Kula naye sinia moja hakuambukizi. Wembe wa kunyolea na mswaki visichangiwe. Asiye nayo achanjwe, sindano tatu ndani ya miezi sita. Watoto wadogo huenda wamepata kliniki, tazameni kadi. Wakubwa wengi hatukupata.

Jambo moja nimelikosa katika barua yako. Ami amesema, jirani amesema, kituo kimesema. Sijasikia mzee amesema nini. Kaa naye, mweleze jina la ugonjwa kama bado hajaambiwa, na umuulize anataka nini na kiwanja ni cha nani.

Mkienda Nairobi chukueni CD ya skani, si ripoti ya karatasi peke yake, kwa sababu anayeziba mshipa anahitaji kuuona mwenyewe kabla hajaugusa. Chukueni na majibu ya damu ya bilirubini, albumini, kuganda kwa damu na AFP (kiashiria cha saratani ya ini), na kile kifungashio cha mizizi, hata kama kimebaki makapi. Daktari akikuna kichwa akitazama makapi hayo, msione haya.